Motokaa Ndogo za Magurudumu Matatu: Faida Zake na Hatari Zake

Mtu ashukaye katika basi mjini Machakos, naye ana gunia la mahindi au kikapu cha maembe cha kupeleka sokoni, hana haja ya kujitwika mzigo wake kichwani. Karibu naye zipo motokaa ndogo za magurudumu matatu, ambazo watu wa Kenya huziita tuktuk, na jirani zao wa Tanzania huziita bajaji. Kwa nauli ndogo humfikisha sokoni, hospitalini au mlangoni pa nyumba yake.

Hata hivyo wengi huuliza: Je, gari lisilo na gurudumu la nne laweza kuaminiwa? Wengine husema kwamba huanguka ovyo. Wengine, kwa kuwa hawajapata kuliona likianguka, hujipakia watano au sita bila hofu. Yafaa basi kila mtu ajue jinsi gari hili lilivyo, ili asiliogope bure wala asilitumainie kupita kiasi.

ASILI YAKE

Gari la magurudumu matatu si jambo jipya. Motokaa ya Karl Benz wa Ujerumani, iliyojulikana kwa ulimwengu mwaka 1886, ilikuwa na magurudumu matatu. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa Ulaya walikuwa na fedha chache, na magari madogo yakaanza kutengenezwa kwa wingi. Mwaka 1948 kiwanda cha Piaggio cha Italia kilitoa gari la mizigo lililoitwa Ape, maana yake nyuki, lenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Baadaye kiwanda cha Bajaj cha India kilitengeneza magari ya namna hiyo ya kuchukua abiria, na jina la kiwanda hicho ndilo lililozaa neno bajaji.

Huko Uingereza nako, tangu mwaka 1957, mji wa Brighton ulikuwa na kiwanda cha kutengeneza kigari kiitwacho Isetta. Baadhi ya vigari hivyo vilikuwa na magurudumu mawili mbele na moja nyuma, kwa sababu gari la magurudumu matatu lilitozwa kodi ndogo. Lakini injini ilikuwa upande wa kulia, na dereva naye, kwa desturi ya Waingereza, akakaa upande huo huo. Basi ikawalazimu mafundi kutia uzito upande wa kushoto ili gari lisielemee. Jambo hilo lina mafundisho: katika gari dogo, mahali unapowekwa uzito ni jambo kubwa.

FAIDA ZAKE

Tuktuk ya abiria ina uzito upatao kilo 350 tu, na injini yake ni ndogo kama ya pikipiki. Kwa hiyo hutumia petroli kidogo, nayo hugeuka katika njia nyembamba ambamo motokaa kubwa haiwezi kupita. Abiria hukaa kitini chini ya paa, asinyeshewe mvua wala asichomwe na jua. Mgonjwa, mzee, au mama mwenye mtoto mchanga hupata raha ambayo hawezi kuipata juu ya pikipiki. Tena gari lenye magurudumu matatu husimama lenyewe. Pikipiki ikipunguza mwendo katika matope yaweza kulala, na abiria wake pamoja nayo.

Kwa vijana wengi gari hili ni kazi na riziki. Lakini mara nyingi hununuliwa kwa mkopo. Likipinduka siku moja, mwenyewe huweza kupoteza gari, na deni likabaki pale pale.

KWA NINI HUPINDUKA

Watu wa Machakos wana mfano mwema nyumbani mwao, nao ni kigoda cha miguu mitatu cha wazee wa Kikamba. Kigoda hicho hakichezi hata kikiwekwa penye ardhi isiyo sawa, kwa maana miguu yote mitatu hugusa chini. Lakini mzee akijiinamisha upande ulio katikati ya miguu miwili, penye nafasi wazi, mara huanguka. Tuktuk ni vivyo hivyo. Ikisimama, au ikienda polepole katika njia iliyonyoka, imetulia kabisa. Lakini upande wa mbele una gurudumu moja tu, na kutoka gurudumu hilo mpaka kila gurudumu la nyuma pana nafasi wazi kama ile ya kigoda.

Gari likipinda kulia, uzito wake husukumwa kushoto. Likipinda kushoto, husukumwa kulia. Dereva akikanyaga breki, uzito hukimbilia mbele, palipo pembamba. Basi dereva anayeingia katika kona kwa kasi, kisha akakanyaga breki humo humo ndani, ameyaleta mambo hayo mawili pamoja, na hapo ndipo gari hunyanyua gurudumu la nyuma na kulala ubavu. Dereva mwenye akili hupunguza mwendo kabla ya kona, wala hangoji mpaka awe ndani yake.

Tena ni lazima ijulikane kwamba nguvu ya kulisukuma gari pembeni haiongezeki sawasawa na mwendo. Gari likipita kona kwa kilomita 40 kwa saa badala ya kilomita 20, nguvu hiyo haiwi mara mbili, bali mara nne.

Shehena nayo ina hukumu yake. Gari limefanywa kwa dereva mmoja mbele na abiria watatu nyuma. Abiria wa nne akibanwa kando ya dereva, uzito huongezeka mbele na upande mmoja, na mikono ya dereva hukosa nafasi ya kugeuza usukani. Magunia yakifungwa juu ya paa, uzito hupanda juu, na kila kitu chenye uzito juu huanguka upesi.

Liko jambo lingine lisiloonwa na wengi. Motokaa ya magurudumu manne ina njia mbili za magurudumu, na dereva aweza kuliacha shimo likapita katikati. Tuktuk ina njia tatu. Shimo likiwa katikati, gurudumu la mbele, nalo ni dogo, hulipata.

MAHALI PAKE

Kwa hayo yote, mahali pa gari hili pajulikana. Katika barabara za mjini, kwa safari fupi na mwendo wa polepole, lafaa sana. Lakini barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ipitayo Kyumbi, ina malori makubwa yaendayo kasi, na upepo wao tu waweza kuliyumbisha gari jepesi. Katika miteremko ya vilima vya Iveti, dereva na atumie gia ndogo, asizime injini ili kuokoa petroli, kwa kuwa breki peke yake huchoka.

Sheria nayo ifuatwe. Dereva wa gari la magurudumu matatu apaswa kuwa na leseni ya daraja A3, na gari liwe na bima ya kuwalipa watu watakaoumizwa. Pasipo bima, mjane na yatima hutaabika kutafuta haki yao.

Abiria naye si mzigo usio na kauli. Akiona watatu wamekwisha keti, na angoje gari lingine. Akiona dereva akimbia, na amwambie apunguze mwendo. Ni haki yake, naye amelipa nauli. Atakayengoja atapoteza dakika chache tu. Wazee walisema: Kawia ufike.