Vimbunga Huzaliwaje, na Saadani Iko Salama Kiasi Gani?

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilivuka Unguja kikaingia Mrima. Kule Bagamoyo, misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu, iliangushiwa majengo yake mengi. Bandarini Unguja, meli za Sultani Barghash ziliangamia karibu zote, na mashamba ya mikarafuu yakalazwa chini. Pemba, iliyo kilomita zipatazo 50 tu kutoka Unguja, mikarafuu yake ilisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu.

Miaka 80 baadaye, tarehe ileile, 15 Aprili 1952, kimbunga kiliipiga Lindi. Jobo, kimbunga kingine, alitusogelea Aprili 2021, akaishiwa nguvu kabla ya kutia mguu nchi kavu. Hidaya aliifikia kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi kule Somanga, Kilwa. Vyote vinne vilikuja ndani ya majuma matatu yaleyale ya mwaka, kaskazi ikiwa imechoka. Hilo si jambo la bahati nasibu.

Kimbunga cha tropiki hula joto la bahari. Maji yakifika nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi, tena joto hilo likishuka hadi kina cha mita 50 hivi, mvuke mwingi hupanda angani. Huko juu mvuke hugeuka kuwa matone, na katika kugeuka huachia joto lililobebwa kutoka baharini. Joto hilo huipasha hewa, nayo huzidi kupanda. Chini hubaki mgandamizo mdogo wa hewa, na hewa ya pembeni hukimbilia kuziba pengo ikija na mvuke mpya. Mzunguko huu hujiendesha wenyewe mradi upepo wa juu na wa chini usipishane sana, kwa sababu ukipishana huyatawanya mawingu kabla hayajajikusanya.

Machi na Aprili bahari yetu huwa imefikia kilele cha joto. Kisha huja maleleji: kaskazi imechoka na kusi haijashika. Pepo zikilegea, mawingu hupata nafasi ya kujikusanya. Kusi ikishaanza kuvuma kwa nguvu, bahari hupoa na mlango hufungwa.

Mbona basi kijiji cha pwani cha Saadani huona miaka mingi bila kimbunga? Ulinzi wake wa kwanza ni mahali ilipo, takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Kinachoifanya hewa izunguke ni mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo karibu na Ikweta ni hafifu mno. Kwa kawaida vimbunga havizaliwi chini ya nyuzi 5. Tena vikishazaliwa huelekea kujipinda kusini, mbali nasi, vikaishia Madagaska au Msumbiji, kama Idai alivyofanya Beira Machi 2019.

Si kila upepo mkali ni wa ukoo huu. Dhoruba zinazoipiga Cape Town wakati wa baridi huzaliwa pale hewa ya baridi kutoka kusini inapokutana na hewa ya joto. Huwa pana kuliko kimbunga chetu, na hazihitaji bahari ya moto. Zipo pia za katikati, zenye tabia za pande zote mbili. Hariken ya Atlantiki na taifuni ya Pasifiki, hizo ni kimbunga kilekile cha tropiki.

Katika bahari yetu, dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa, na jina hutolewa na Madagaska au Morisi kulingana na mahali ilipo. Ikifika kilomita 118 huitwa kimbunga kamili. Ikipita 165 ni kimbunga kikali, na ikipita 212 ni kikali kupindukia.

Kwa mvuvi wa Saadani, la kujua zaidi ya kasi ni upande kinakopitia kimbunga. Kusini mwa Ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa. Kikipita karibu kaskazini mwa kijiji, upepo hutoka baharini na kuyasukuma maji juu ya ufuko, mikokoni na kwenye mashamba ya chumvi, na hali huwa mbaya zaidi ikiwa ni bamvua. Kikipita kusini, upepo hutoka bara, na ngalawa iliyofungwa vibaya huchukuliwa mkondoni. Kikipita juu kabisa, jicho lake huleta utulivu. Anayetoka kukagua mapaa wakati huo hukutwa nje na upepo wa pili, unaovuma kutoka upande wa pili.

Jihadhari pia na mto. Mto Wami hukusanya maji ya milima ya Ukaguru na Nguru, mbali bara. Kimbunga kilichofia nchi kavu huendelea kumwaga mvua huko, na mafuriko yanaweza kufika mdomoni mwa mto siku kadhaa baadaye, jua likiwaka. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu, chombo kinaweza kurudi baharini bahari ikiruhusu, lakini aliye bondeni mwa Wami aendelee kusikiliza taarifa.