Kereng'ende wa Sri Lanka

Kereng'ende huishi majini kabla ya kuruka angani. Jike hutaga mayai ndani ya maji au kwenye mimea iliyo kandokando, na lava wanaoanguliwa hukua humo kwa wiki, miezi, hata zaidi ya mwaka kwa spishi nyingine. Kwa hiyo maji ya Sri Lanka ndiyo yanayoeleza nani anaishi wapi kisiwani: vijito vya milimani, mashamba ya mpunga, na mabwawa ya kale ya nyanda kavu.

Kisiwa hicho cha kilomita za mraba 65,610 kina spishi zaidi ya 120, na karibu nusu yake hazipatikani penginepo duniani. Zimegawanyika katika makundi mawili. Kereng'ende wanene huwa na macho makubwa, ambayo kwa wengi hugusana utosini, na wakitua huacha mbawa zimetandazwa. Kereng'ende wembamba wana kiwiliwili kama njiti ya kiberiti na macho yaliyoachana, na wengi wao hukunja mbawa mgongoni.

Lava wa makundi yote mawili ni wawindaji. Mdomo wao wa chini hukunjwa chini ya kichwa kama mkono uliokunjwa kiwikoni. Lava wa mbu au kiluwiluwi akipita karibu, mdomo huo hufyatuka, humnasa kwa vikulabu vya nchani na kumrudisha mdomoni, yote kwa kufumba na kufumbua. Muda ukitimia, lava hupanda jani au jiwe, ngozi yake hupasuka mgongoni, na mdudu mwenye mbawa laini hujivuta nje taratibu. Hakuna hatua ya bundo kama ile ya vipepeo.

Kusini-magharibi mwa kisiwa mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Huko ndiko uliko msitu wa Sinharaja, uliotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1988, na ndiko wanakoishi wengi wa kereng'ende wa kisiwa hicho peke yake. Jenasi Platysticta, ya kereng'ende wembamba, haipo nchi nyingine yoyote. Hukaa kivulini juu ya vijito, hawaruki mbali, na jua kali hulikwepa. Kilima kimoja chatosha kuwatenga ndugu wa mabonde mawili, na utengano wa muda mrefu huzaa spishi mpya.

Penye jua hali ni nyingine. Juu ya mpunga huruka Neurothemis tullia, ambaye dume lake lina mbawa nyeusi kuanzia shinani, kisha baka jeupe, kisha ncha angavu kama kioo. Kwa Kisinhala kereng'ende huitwa bath kura, na bath ni wali. Kwenye nyanda kavu, mabwawa ya umwagiliaji kama Parakrama Samudra, lililojengwa Polonnaruwa katika karne ya 12, yamewapa makazi spishi za maji yaliyotulia.

Msafiri mkubwa kuliko wote ni Pantala flavescens, ambaye pia huonekana Sri Lanka. Kila Oktoba makundi yake hufika Maldives, visiwa ambavyo karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson alichapisha maelezo yake: wadudu hao hutoka India na kuvuka bahari, umbali wa kilomita kama 3,500, hadi Afrika Mashariki, wakibebwa na pepo za kaskazi, msimu uleule uliowaleta mabaharia wa majahazi. Hufuata mvua, maana lava wao wanaweza kukomaa kwa wiki sita hivi katika dimbwi la muda. Vizazi vinavyofuata ndivyo vinavyorudi.

Pantala akikosa dimbwi moja hutafuta jingine. Platysticta hana pa kwenda. Tangu karne ya 19 misitu ya milimani ilifyekwa kupisha kahawa, kisha chai, na kijito kikikosa miti maji hupata joto na kujaa udongo. Dawa za mashambani nazo huwaua lava pamoja na chakula chao. Hivyo ukanda wa miti ulioachwa kandokando ya kijito kati ya mashamba ya chai, hata ukiwa mwembamba, ni hazina: huyaweka maji kivulini na safi, na lava humaliza kukua.