Kelele katika amplifaya

Kelele katika amplifaya ni sauti yoyote inayotoka kwenye spika ingawa haikuingizwa kupitia maikrofoni, redio au kinanda. Fundi mzoefu huitambua kwanza kwa sikio, ndipo hufungua kifuniko.

Kutafuta chanzo

Kipimo cha kwanza ni kitufe cha sauti. Kikipunguzwa hadi mwisho na kelele ikabaki vilevile, hitilafu iko baada yake, yaani kwenye hatua ya mwisho au kwenye sehemu ya umeme. Ikitoweka, inaingia kabla yake. Hapo waya za maikrofoni na vyombo huchomolewa mmoja mmoja. Mkwaruzo unaosikika wakati wa kuzungusha kitufe kwa kawaida ni vumbi tu.

Mvumo

Umeme wa gridi Tanzania una masafa ya hezi 50, sawa na ule wa Zambia ambao umeulisha mji wa Sumbawanga kwa miaka mingi. Mvumo wa hezi 100 huashiria kapasita za kuchuja zilizochoka, kwa kuwa daraja la diodi hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko. Kapasita hizo hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa, hivyo hutolewa chaji kwa rezista kabla ya kuguswa.

Mvumo mzito wa hezi 50 mara nyingi hutoka nje ya amplifaya. Kanisani au ukumbini, miksa huchomekwa soketi ya mbele na amplifaya soketi ya nyuma. Vyombo hivyo huunganishwa mara mbili: kwa waya wa ethi, na kwa wavu wa shaba unaozunguka waya wa sauti. Mkondo mdogo huzunguka humo na kusikika kama mvumo. Dawa yake ni kuvilisha vyote kutoka soketi moja, au kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti.

Wapo wanaokata waya wa ethi kwenye plagi. Mvumo huisha kweli, lakini siku waya wa umeme utakapogusa bodi ya chuma, mwimbaji aliyeshika maikrofoni anaweza kufa. Hakuna mvumo unaostahili hatari hiyo. Nyanda za juu za Ufipa udongo hukauka kiangazi, na ukinzani wa nondo ya ethi hupanda; nondo fupi iliyopimwa wakati wa mvua haifai kuaminiwa mwezi wa Septemba.

Sola na simu

Vijijini, inveta za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, nayo husikika kama mzizimo mkali. Kidhibiti chaji pia hukata na kurudisha mkondo mara nyingi kwa sekunde. Kukipima, paneli hutenganishwa na betri kuachwa: kelele ikikoma, chanzo ni hicho.

Mlio wa "di-di-dit" ni simu ya GSM, inayorusha mawimbi kwa mapigo yapatayo 217 kwa sekunde. Kuisogeza mbali hutosha.

Mlio wa "shii"

Huu hutokana na mwendo wa elektroni kwa sababu ya joto. John B. Johnson aliupima katika maabara za Bell, na Harry Nyquist akaeleza nadharia yake mwaka 1928. Hauondoki kabisa. Hupungua ukuzaji mkubwa ukifanywa hatua ya kwanza, karibu na maikrofoni, na amplifaya ya mwisho ikaachwa chini.