Shule Walipewa, Altare Walinyimwa

Wakatoliki Weusi walikuwapo katika ardhi ya Marekani kabla taifa lenyewe halijazaliwa. Katika mji wa St. Augustine, Florida, ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1565, na baadaye Maryland na Louisiana, Weusi watumwa na walio huru walibatizwa na kuzikwa Kikatoliki. Hata hivyo, baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, Kanisa liliendelea kwa miongo mingi kuwahesabu kuwa uwanja wa umisionari, kana kwamba Injili ndiyo kwanza inawafikia. Walihudumiwa kama wageni katika nyumba yao wenyewe.

Chimbuko la hali hiyo halifichiki. Kanisa lilimiliki watumwa. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 kwenda Louisiana, na sehemu ya fedha hizo ikakinusuru chuo cha Georgetown kilichoelemewa na madeni. Hata baada ya utumwa, maaskofu wengi waliogopa kuwaudhi waamini Weupe. Katika parokia nyingi Weusi waliketi viti vya nyuma na kukomunika mwisho.

Wa kwanza kuvuka kizuizi hicho walikuwa wanawake. Kwa kuwa mashirika ya watawa Weupe hayakuwapokea, Mary Lange na wenzake walianzisha Masista Waoblata wa Maongozi ya Mungu huko Baltimore mwaka 1829, wakafundisha watoto Weusi. Henriette Delille akafuata New Orleans mwaka 1842 na Masista wa Familia Takatifu. Huduma hiyo ilikuwa ya Weusi kwa Weusi, na mashirika yote mawili yapo hadi leo.

Upadre ulikuwa mgumu zaidi. Augustus Tolton, aliyezaliwa utumwani Missouri mwaka 1854, alikataliwa na kila seminari ya Marekani aliyoiomba. Alisomea Roma na kupewa daraja mwaka 1886. Yeye alitarajia kutumwa Afrika, lakini Roma ikamrudisha kwao. Alihudumu Quincy, kisha akajenga parokia ya Mtakatifu Monika huko Chicago, na kufariki mwaka 1897 akiwa na miaka 43.

Wamisionari walikuja, tena kwa nia njema. Shirika la Mill Hill la Uingereza, lile lililoingia Uganda mwaka 1895, lilikuwa limetuma mapadre wake Baltimore tangu 1871. Tawi hilo la Marekani likajitegemea mwaka 1893 kwa jina la Wajosefiti, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Charles Uncles, Mweusi. Lakini kutokana na upinzani wa maaskofu na mapadre Weupe, kwa miongo kadhaa shirika hilo lilipokea vijana Weusi kwa nadra. Mtawa Katharine Drexel naye alitumia urithi wake mkubwa kujenga shule, pamoja na Chuo Kikuu cha Xavier cha New Orleans, kinachosifika leo kwa kuandaa madaktari Weusi. Hata hivyo, shirika lake la masista lilikaa miongo mingi bila kupokea wasichana Weusi.

Mabadiliko yalianza palipofunguliwa seminari. Wamisionari wa Neno la Mungu walikuwa na seminari ya vijana Weusi Bay St. Louis, Mississippi, tangu 1923. Mapadre wanne wa kwanza kutoka hapo walipata daraja mwaka 1934. Mwanafunzi mwingine wa hapo, Harold Perry, akawa askofu msaidizi wa New Orleans mwaka 1966. Miaka miwili baadaye, baada ya Martin Luther King kuuawa, mapadre Weusi walikutana Detroit na kulishutumu Kanisa la Marekani waziwazi kwa ubaguzi. Mwaka 1984 maaskofu kumi Weusi walitoa waraka wa kichungaji wakisema watu wao wamekomaa na wana zawadi ya kulitolea Kanisa.

Leo Wakatoliki Weusi wa Marekani ni takriban milioni 3. Wilton Gregory, Mmarekani Mweusi, alifanywa kardinali mwaka 2020, lakini mapadre Wamarekani Weusi ni kama 250 tu, huku shule na parokia zao mijini zikiendelea kufungwa au kuunganishwa. Majimbo hujaza pengo kwa mapadre kutoka Afrika, wakiwamo wetu wa Afrika Mashariki. Msaada huo ni wa kweli, ila kufanana rangi si kufanana historia, na padre mgeni hawezi kuwa jibu la swali la kwa nini kijana wa parokia hiyo hakuingia seminari.

Historia hii inatoa kipimo kilicho wazi. Huduma iliyowapa Weusi elimu bila madaraka ilizaa wasomi wengi na mapadre wachache. Askofu anayepanga kufunga parokia ya Weusi ahesabu kwanza waamini wa hapo waliokaa kwenye kikao kilichofikia uamuzi huo.