Karabai, Kasia na Giza

Kijana akinijia anataka kujifunza kupanga taa na sauti za jukwaa, darasa la kwanza silitoi ukumbini. Humwambia aende Rubona, kusini kidogo mwa mji wa Gisenyi, akae ufukweni mwa Ziwa Kivu akielekea magharibi, saa kumi na mbili kasoro jioni. Azime simu.

Rwanda iko karibu mno na ikweta, kwa hiyo jua huzama kwenye saa kumi na mbili mwaka mzima, na magharibi haikawii: nusu saa tu, giza limetanda. Nusu saa hiyo ndiyo wavuvi wa dagaa waitwao sambaza hutoka. Mitumbwi mitatu imeungwa kwa miti ikawa chombo kimoja, na fito ndefu zimechomoza mbele na nyuma mithili ya pembe za ng'ombe wa Inyambo. Fito ni za kubebea wavu. Hakuna aliyeziweka kwa ajili ya picha. Lakini mwanga unatoka nyuma yao, upande wa Kongo, na hapo ndipo somo linapoanza.

Mwanga ukimpiga mtu usoni, tunaona rangi ya shati na mikunjo ya uso. Ukimpiga kwa nyuma, hayo yote hupotea na kubaki umbo. Umbo ndilo jicho hulitambua kwa mbali kuliko kitu kingine chochote. Mtazamaji wa mstari wa mwisho haoni kope za mwimbaji. Anaona mabega, mkono ulioinuliwa, namna anavyosimama. Wacheza Intore, ngoma ya jadi ya Rwanda, walilijua hilo kabla ya umeme. Nyuzi ndefu nyeupe kichwani humkuza mchezaji: akitikisa shingo kidogo tu, nyuzi zinachora tao hewani. Njuga miguuni hukipa kila kishindo sauti yake. UNESCO ilipoiingiza Intore katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2024, iliingiza pia, kwa macho ya fundi kama mimi, mtambo kamili wa kukuza mwendo na sauti usiohitaji betri.

Turudi ziwani. Mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia, na makasia yanaingia majini kwenye kiitikio. Wanaimba kwa sababu ya kazi: mitumbwi imefungwa pamoja, upande mmoja ukichelewa chombo kizima kinageuka. Anayesikiliza ufukweni anapata burudani ambayo hakuandaliwa yeye. Tena anaipata vizuri, maana uso wa maji uliotulia huirudisha sauti, haiinywi kama zinavyofanya nyasi, nguo na miili ya watu. Ndiyo maana katika tamasha lililojaa watu spika hutundikwa juu: ukiziweka chini, safu za mbele zitakula sauti yote na wa nyuma watabaki na mvumo.

Mwambie kijana wako atazame kasia moja. Litazama kwanza, kisha sauti itafika. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Chombo kikiwa umbali huo, wimbo unachelewa sekunde nzima nyuma ya mikono. Uwanjani tatizo hilo huwa kubwa zaidi. Ukisimamisha spika za pili mita 68 kutoka jukwaani ili wa nyuma wasikie, umeme huzifikia papo hapo, ilhali sauti ya jukwaani inachukua sekunde 0.2 kufika pale. Msikilizaji anapata kila neno mara mbili. Fundi makini huzichelewesha spika za pili kwa sekunde 0.2 na chembe kidogo, ili sauti ya mbele itangulie. Hapo sikio linaamini kwamba yote yanatoka kwa mwimbaji.

Sasa giza limeingia, na taa zinawashwa ziwani. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Kazi yake ni moja: kuwavuta sambaza juu, wale dagaa walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Kila taa ni ndogo, lakini unaiona kutoka mbali sana, kwa kuwa jicho limepewa muda. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na mwangaza mmoja wa simu huiharibu kazi hiyo mara moja. Somo hilo nililipata kwa kukosea: nilipokuwa mchanga katika fani hii niliwasha kila nilichokuwa nacho katika wimbo wa kwanza. Kufika wa tatu sikuwa na la kuongeza, na watu walikuwa wameshazoea.

Rubona hiyohiyo ndiyo yenye kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyodhamini shindano la muziki la Primus Guma Guma Super Star kuanzia 2011 na kulizungusha wilayani katika viwanja vya wazi. Yeyote aliyewahi kufunga mitambo kwenye kiwanja cha namna hiyo anajua: alasiri jua likiwaka, hakuna taa ya kukodi itakayoshindana nalo. Fedha ya taa afadhali inunue kitambaa cheusi nyuma ya waimbaji, paa la kuwatia kivulini, na nguo za rangi inayojitenga na kitambaa hicho. Taa zisubiri magharibi.

Wavuvi nao wana hesabu yao. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na sambaza hawana sababu ya kuifuata taa yako. Usiku huo vyombo vingi hubaki ufukweni na nyavu hushonwa. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya nyimbo anauliza mbona ziwa limependeza hivi na hakuna mtu majini. Jibu liko juu ya kichwa chake.