Jivu Si Dawa ya Mgomba

Kila nikishuka kwenye pikipiki hapa Hombo, kofia bado kichwani, swali ni lile lile: "Agronomu, tuongeze jivu ngapi kwenye mugomba?" Wiki hii nimeulizwa mara nne. Hata kijiko kimoja msiongeze.

Nililima migomba kabla ya kuanza kuzunguka vijijini kushauri wengine, kwa hiyo uchungu wa kuona mkungu umeiva kabla ya siku zake, na ndizi ndani ina rangi ya kutu, naujua. Huo ni mnyauko. Wengine wanauita kirabiranya. Tangu uonekane Masisi mwaka 2001 umekula chakula, umekula kasiksi, pombe yetu ya ndizi, umekula pesa ya shule. Ila jivu? Na mkojo, na chumvi, ambavyo wengine humwaga pia?

Bakteria wa mnyauko anakaa ndani ya mgomba, kwenye mishipa ya utomvu. Kata mgomba mgonjwa, subiri dakika chache, utaona usaha wa njano. Jivu la kumwaga chini litamfikia kwa njia gani? Hapo baba mmoja hunivuta mkono hadi shambani: mgomba uliugua, nikamwaga jivu, tazama machipukizi yamepona. Hayakupona, baba. Hayakuwahi kuugua. Bakteria huyu hafiki katika kila mgomba unaotoka shina moja. Machipukizi mengine hukaa mazima hadi kuzaa. Jirani ambaye hakumwaga kitu naye anayo machipukizi mazima, ila hana cha kusifu. Tena wewe mwenye jivu ulikata majani ya mgomba mgonjwa kwa panga, kisha ukaendelea na mstari mzima kwa panga hilo hilo!

Haya, haraka, dereva ananiita: cha kufanya badala ya jivu ni hiki. Zamani sisi maagronomu wenyewe tuliwaambia mng'oe shina zima. Mkagoma, na hamkukosea sana. Kata mgomba unaoonyesha dalili peke yake, usawa wa ardhi, na urudi kukagua kila wiki, miezi kadhaa. Panga lipite motoni mpaka lisishikike, au lisafishwe kwa jiki, kabla ya kugusa shina jingine. Machipukizi ya kupanda, chukua kwenye shamba ulilolikagua kwa macho yako. Mbuzi wafungwe. Na ua dume livunjeni mara tu kichana cha mwisho kinapotokea, maana nyuki na nzi hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Livunjeni kwa kijiti chenye panda, si kwa panga.