Suruali moja ya vijana wanne

Ikiwa wewe, msomaji, ulikuwa kijana katika miaka ya sabini, huna haja ya kuelezwa suruali ya belbotomu ilikuwa kitu gani. Uliivaa, au uliitamani, au ulikemewa na baba yako kwa ajili yake. Kiunoni ilibana hata mtu akawa anapumua kwa hesabu. Mapajani ilishika. Lakini ilipofika gotini ilianza kufunguka, na chini ikawa pana kama kengele, ikifunika kiatu kizima na kufagia vumbi la barabara bila malipo. Ndugu zetu wa Tanzania waliipa majina ya bugaluu na pekosi. Sisi tuliridhika na jina lililokuja nayo.

Juzi suruali hizo zilinirudia akilini kwa sababu ya binti wa marehemu kaka yangu. Alikuja kunitembelea akiwa amevaa suruali iliyopanuka chini, akaniambia kwamba huo ndio mtindo mpya mjini. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha niliingia chumbani nikatoa mkebe wa biskuti ambamo mama yetu alihifadhi picha, nikamwonyesha baba yake alivyokuwa mwaka 1975.

Kaka amesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa minazi. Nywele zake za Afro ni mviringo kama mwezi mpevu. Kola ya shati inakaribia mabega, vifungo viwili vya juu viko wazi, na viatu vyake vya soli nene vimemwongezea urefu ambao Mungu hakumpa. Mkono mmoja uko kiunoni. Nayo suruali, yenye mistari myembamba, imetulia juu ya viatu kama iliyopigwa pasi akiwa ndani yake.

"Kumbe baba alikuwa maridadi hivi, baba mdogo?" aliuliza yule binti.

Aliendelea kupekua. Akaona picha ya kijana mwingine mbele ya pazia lile lile. Akaona ya tatu, na ya nne. Macho ya vijana ni makali. Alizipanga mezani, akazitazama, kisha akauliza: "Mbona wote wana suruali moja?"

Alikuwa amegundua siri iliyofichika kwa karibu miaka hamsini.

KWA FUNDI

Naam, suruali ilikuwa moja. Tulikuwa tukikaa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, nami nilikuwa mtoto wa miaka kumi niliyetumwa sigara na kufukuzwa wakubwa walipotaka kuzungumza. Kaka na rafiki zake watatu walikuwa wameamua kwamba hawataingia tena dansi wakiwa wamevaa suruali nyembamba kama za makarani wa enzi ya mkoloni. Lakini mfuko wa mmoja haukutosha. Basi kila mtu alitoa, au aliahidi kutoa, shilingi kumi. Walikwenda Biashara Street wakakata kitambaa cha terilini, kile kisichokunjamana, wakampelekea fundi aliyekaa barazani na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu.

Fundi aliuliza chini iwe inchi ngapi. Wakamwambia ishirini na nne. Akaweka tepu shingoni, akawauliza kama wanataka suruali au hema la skauti. Kisha likaja swali zito zaidi: apimwe nani? Wanne hao hawakulingana hata kidogo. Baada ya mabishano marefu alipimwa mmoja wao wa kimo cha wastani. Ndiyo sababu katika picha zile suruali inamkaa vizuri kaka yangu, aliyepimwa. Kwa yule mrefu soksi zinachungulia. Na kwa yule mfupi viatu havionekani kabisa, utadhani ameoteshwa ardhini.

Waliivaa kwa zamu, kila mtu Jumamosi yake. Siku ya kupiga picha walikwenda pamoja, wakawa wanabadilishana nyuma ya pazia la studio, mmoja akitoka mwingine akiingia. Baba alipopata habari alitikisa kichwa na kuuliza kama aulizavyo mtangazaji: "Je, huu ni ungwana?" Kipindi hicho cha Leonard Mambo Mbotela, kilichoanza mwaka 1966, kilikuwa kimeingia katika kila nyumba yenye redio. Mbotela aliaga dunia mwaka 2025, lakini swali lake bado twaulizana.

MUZIKI NAO

Suruali kama ile haikushonwa kwa ajili ya kukaa kitako. Ilishonwa ili izunguke. Katika miaka ya sitini Daudi Kabaka alikuwa ametuchezesha twist, na wimbo wake "Helule Helule" ulivuka bahari. Bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, iliurekodi ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizovuma Uingereza mwaka 1968. Miaka ya sabini ilipofika, Nairobi ilijaa magitaa. Kutoka Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikuja Super Mazembe na wanamuziki waliounda Les Mangelepa mwaka 1976. Simba Wanyika, waliotoka Tanzania na kupitia Mombasa, walituimbia kwa Kiswahili kitamu, na mwaka 1978 baadhi yao walijitenga wakaanzisha Les Wanyika. Huko Mombasa, Slim Ali na Hodi Boys walipiga soul kwa Kiingereza, na asiyejua angedhani anasikiliza santuri ya Marekani.

Marekani ndiko zilikotoka nywele za Afro pia. Watu weusi wa huko walikuwa wameamua kwamba nywele walizopewa na Muumba hazina aibu, na picha za akina Angela Davis zilienea duniani kuanzia mwaka 1970. Kwetu ujumbe huo ulifika pamoja na sinema na majalada ya santuri. Kijana aliyekuwa na Afro alitembea na chanuo mfukoni, meno yake yakiwa nje ili kila mtu ayaone. Siku ya dansi la mchana, Jumapili, lile tuliloliita bugi, vichwa vilijaa ukumbini hata aliyekaa nyuma hakuiona bendi.

LESO NDANI YA MKOBA

Lakini tusidanganyane, msomaji. Mtu akikumbuka ujana wake huutia sukari. Si kila aliyevaa mtindo mpya aliachwa kwa amani, hasa akiwa mwanamke.

Dada yetu mkubwa alikuwa mpiga taipu mjini. Sketi yake ya mini ilisifiwa ofisini, lakini alibeba leso ndani ya mkoba. Kila jioni, kabla ya kupanda basi la kurudi mtaani, aliitoa akajifunga kiunoni, kwani alijua maneno aliyokuwa akingojewa nayo kituoni. Kaka alipanua suruali yake mpaka inchi ishirini na nne na watu wakacheka tu. Dada alipopunguza sketi inchi chache, kila mwanamume alijifanya hakimu.

Na katika nchi jirani mambo hayakuishia kwenye maneno. Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka 1968 "Operesheni Vijana", ya kupiga vita mini, nywele za bandia na suruali za kubana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Uganda, Idi Amin alipiga mini marufuku mwaka 1972. Malawi ilitunga sheria mwaka 1973 iliyowakataza wanawake kuvaa suruali na mini, na wanaume kuvaa hizo hizo belbotomu. Sheria hiyo ilidumu mpaka miaka ya tisini. Wala tusijisifu sisi Wakenya. Mwaka 2014 wanawake waliandamana katika barabara za Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai amevaa vibaya. Ile leso ya dada haijapata kustaafu.

KITAMBAA KILIKOTOKA

Basi twatamani nini hasa, tunapozikumbuka siku zile? Si upana wa suruali, maana upana huo umerudi, na unapatikana Gikomba kwa bei ya kuku mmoja au chini ya hapo.

Nadhani twatamani kujulikana. Fundi wa barazani alimjua kila mtu kiuno chake. Alijua nani amenenepa, nani anatarajia kuoa, nani bado ana deni. Kitambaa nacho kilikuwa na kwao. Miaka ile viwanda vyetu vilikuwa vikifuma: Kicomi mjini Kisumu, Rivatex mjini Eldoret, na vingine Thika na Nanyuki. Mkulima alilima pamba, mwanawe akafanya kazi kiwandani, na jirani yake akashona.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ilimiminika, na viwanda vilivyokuwa tayari vimeelemewa na madeni na mashine kuukuu vikashindwa. Kicomi ilifungwa. Rivatex nayo ilisimama, hata ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufufuliwa. Sisemi mitumba haina faida. Imewavisha wengi ambao wangetembea na viraka, na imewalisha maelfu wanaoiuza. Lakini suruali ya mtumba ilipimwa kwenye kiuno cha mtu usiyemjua, katika nchi ambayo huenda hutaiona. Ikikukaa vizuri ni bahati, si heshima.

DENI

Kati ya wale vijana wanne, wawili wamekufa, kaka yangu akiwa mmojawapo. Wa tatu, yule mrefu wa soksi, hatujui alikokwenda. Jina lake halisi hakuna anayelikumbuka, kwani mtaani tulimwita kwa jina la utani, na nyuma ya picha yake mama hakuandika kitu. Hilo ndilo lililonisikitisha siku ile kuliko yote. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Na picha bila jina hupotea vivyo hivyo, hata ikihifadhiwa ndani ya mkebe mzuri.

Wa nne, yule mfupi, yuko hai. Ni mzee mwenye wajukuu. Wiki iliyopita mimi na binti wa kaka tulimpelekea picha yake. Aliivalia miwani, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, akaomba aione na ile ya kaka. Nilidhani atalia. Badala yake alikigonga kifua cha marehemu kwa kidole.

"Huyu," alimwambia yule binti, "hakuwahi kulipa shilingi kumi zake."

Binti alifungua mkoba, akatoa noti ya shilingi mia, akamwekea mzee kiganjani. Mzee aliipokea, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kisha akachukua kalamu, akageuza picha moja baada ya nyingine, akaanza kuandika majina. Alipofika kwa yule mrefu alisita kidogo, akafumba macho, akaandika.

Alikuwa akilikumbuka.